Ni Yeye Aliyemuua

Keziya hakuwa mtu wa muvi. Alikubali kuja kwenye kibanda umiza cha Andongwisye, pale Ipinda, kwa sababu wifi yake Ikupa ndiye aliyesema twende, na wiki hii hata Ikupa angesema twende tukachote maji kwa ungo, Keziya angebeba ungo. Kesho baada ya ibada ukoo unakaa. Kikao kitaamua kama Keziya, mjane wa Israeli, abaki kwenye nyumba na shamba la kakao kule Ndandalo, au arudishwe kwao Njisi na vyombo vyake. Na Ikupa ndiye dada mkubwa wa marehemu. Akisema abaki, atabaki.

Israeli alikunywa uji asubuhi, akaenda shambani, akaanguka. Miezi mitano sasa. Daktari alisema ni moyo. Ukoo ulimsikiliza daktari kwa heshima zote, kisha ukaendelea kuulizana ule uji ulipikwa na nani.

Picha yenyewe ilikuwa kuukuu, haina hata rangi. Wanaume wa kofia, moshi wa sigara, mvua isiyokatika. Tajiri mmoja amekutwa amekufa kitini, glasi iko mezani, na aliyemimina kile kinywaji ni mkewe. Kuna mwenzake wa biashara mwenye masharubu membamba, na kuna mpelelezi anayezunguka akiuliza watu maswali. Kando ya televisheni alikaa Ezekiel na kipaza sauti. Huyu aliishi Karonga, ng'ambo ya mpaka, miaka tisa, akarudi na Kiingereza chake, na sasa anawatafsiria watu muvi, chumvi akiongeza mwenyewe bila kuombwa.

Keziya alipoiona ile glasi, aliutazama mlango. Angejua picha ni ya namna hii angesingizia malaria. Benchi la mbele yake alikaa shemeji yake Asajile, na kando ya Asajile baba mdogo Ambilikile, ambaye ndiye atakayeongoza kikao. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mwishoni mpelelezi alimsogelea askari, akasema maneno machache tu. Ezekiel akatafsiri, "Ni yeye aliyemuua." Gari la polisi likaondoka mvuani, aliyemo haonekani, maandishi yakapanda. Andongwisye akalitoa blanketi dirishani, jua la saa tisa likaingia, na ubishi ukaanza.

"Yeye nani?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Wa masharubu," alisema Prisca, muuza mchele. "Hamkumwona anavyofutafuta mikono?"

"Masharubu wapi," Asajile alisema. "Ni mke. Mume kafa, yeye anapaka wanja. Hakutoa hata chozi."

Mwingine akadai aliyeua ni steringi mwenyewe, yule mpelelezi, ndiyo maana alikuwa anajua kila kitu. Watu wakacheka.

Keziya hakucheka. Hakutoa hata chozi: maneno hayohayo aliyasikia msibani, yakitoka nyuma ya jiko, na hayakuwa ya muvi. Mjane wa huku hulia mpaka kijiji cha pili kijue. Yeye alikaa mkekani kama gogo, akingoja mtu aje amwambie wamekosea, Israeli yuko shambani. Sasa alikitazama kisogo cha baba mdogo Ambilikile, akaona kinaitikia polepole maneno ya Asajile.

"Wewe unaonaje, wifi?" alimuuliza Ikupa kwa sauti ndogo.

"Mwanamke," Ikupa alisema bila kumtazama. "Tangu alipomimina."

Hapo Keziya akasimama.

"Kaka Ezekiel," alisema. "Kwa Kiingereza alisemaje? Kiingereza si kina yeye wa kiume na yeye wa kike?"

Ni kweli. Sisi kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa vilevile, yeye ni yeye, humwenea yeyote atakayevishwa. Ezekiel alijikuna shingo, akairudisha picha nyuma, akategesha sikio. Akarudisha tena. Mara ya tatu Keziya alianza kujilaumu. Kama ni mwanamke, basi amejichimbia kaburi mbele ya watu wote, na kesho Asajile ataanzia hapo.

"Wa kiume," Ezekiel alisema hatimaye. "Ni yule wa masharubu. Nilifanya haraka, mniwie radhi."

Prisca akapiga makofi. Asajile akavaa kofia yake. "Hata hivyo," alisema, "mbona hakulia?" Watu walikuwa wameshaanza kutoka, na baba mdogo Ambilikile akatoka nao.

Ikupa hakuinuka. Alikuwa anaitazama televisheni iliyozimwa.

"Nilikuwa na uhakika kabisa," alisema. "Ningeapa hata kanisani."

"Ni picha tu, wifi."

"Sisemi picha." Akaushika mkono wa Keziya, akaubana. "Kesho nitasema ubaki. Na asubuhi unipikie uji. Nitakunywa."

Keziya alitaka kusema ndaga, kashukrani kadogo tu, akajikuta anazihesabu asubuhi. Miezi mitano Ikupa amekuwa akilala nyumbani kwa Keziya, na kila asubuhi alikuwa akiusukuma uji pembeni, akisema amefunga, anamwombea marehemu. Keziya alikuwa akimwonea huruma kwa njaa ile.