Mngurumo wa Ajuza

Muzna alimkirimu mnunuzi kama anavyokirimiwa mkwe, na sababu haikuwa ukarimu peke yake. Hakutaka aondoke. Zahran alikuwa amefika asubuhi kutoka Ibra kuchukua Landkruza kuukuu ya marehemu Musallam, mumewe Muzna, na kila alipotupa jicho mlangoni, bibi huyo alimmiminia kahawa nyingine.

Gari lenyewe Musallam alilipa jina la Ajuza, kwa vile lilikohoa kabla ya kuwaka, kisha likanguruma na kulalamika njia nzima. Lakini halikuwahi kumlaza mchangani. Lilimpeleka Muzna kujifungua, lilipeleka tangi la maji kwa ngamia kila alasiri, na mwaka jana likampeleka Musallam makaburini. Tangu hapo Muzna ndiye aliyeliendesha. Siku ya mazishi hakutoa chozi, na majirani wakasema ana moyo mgumu.

"Mama, umemshibisha mgeni mpaka atashindwa kukanyaga breki," alisema mwanawe, Hamudi, aliyekuja kutoka Maskat kwa ajili ya mauzo hayo.

"Nyamaza wewe. Mgeni hajatikisa kikombe."

Zahran, mtu wa adabu zake, aliona haya kutikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Akanywa tena.

Aliyetaka gari liuzwe ni Hamudi. Vipuri vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, na fundi wa mwisho aliyelijua vizuri alikwisha kufunga karakana. Uani lilisimama gari jipya alilomnunulia mama yake, la umeme, kubwa na pana vilevile, ila likitembea husikii kitu. Muzna alilijaribu mara moja, akasema ni kama mtu anayeingia chumbani bila hodi.

"Hivi haya magari makubwa yanakwisha kweli?" alimuuliza Zahran.

"Mama yangu, mimi mwenyewe nayauza na sijui. Wapo wanaosema yatazikwa yote, na wapo wanaosema jangwa halitakubali. Huku vijana wanayakimbia, Dar es Salaam wananisubiri bandarini. Hili lako lina miaka mingi ya kula matope bado."

"Matope," alisema Muzna. "Limezoea mchanga, maskini."

"Litazoea. Na Kiswahili litajifunza," Hamudi akatia utani.

Alasiri ikaadhiniwa. Wakaswali, na baada ya hapo hapakuwa na kisingizio kingine. Zahran akapewa ufunguo. Ajuza akakohoa, akanguruma, akashika njia ya kwenda barabara ya lami nyuma ya matuta. Muzna alibaki amesimama uani mpaka hakusikia tena kitu, na moyo wake ulimuuma kama siku ile waliyomtoa Musallam ndani.

Wakapakia tangi kwenye gari jipya na kwenda kunywesha ngamia. Hamudi akapiga honi. Ngamia wakaja wakijivuta, mmoja huku, mwingine kule, wakainamia maji. Samha hakuwemo.

Samha ndiye aliyekuwa akitangulia kila siku. Mama yake alikufa akimzaa, na Musallam akamlea kwa chupa, akimlaza kwenye kiti cha nyuma cha Ajuza. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, na Muzna alikuwa amekwisha kumchagulia ndama jina la Musallam, bila kumwambia mtu.

"Atakuja, mama. Honi kaisikia."

"Samha hajui honi," alisema Muzna. Hapo hapo akageuka kuyatazama matuta. Samha alijua mngurumo. Na leo, saa ile ile ya maji, mngurumo ulikuwa umepita na kwenda zake.

"Geuza gari. Twende barabarani."

Walimkuta Zahran amesimama kando ya lami, kilemba mkononi. Mbele yake lori limesimama upande, dereva amechuchumaa akishika kichwa. Samha alikuwa amelala mchangani, miguu yote ya nyuma imevunjika, akijaribu kuinuka na kuanguka.

"Alinifuata," alisema Zahran. "Nilimwona kwenye kioo, nikadhani atachoka arudi. Nilipofika kwenye lami nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Lori halikuwahi kumkwepa. Nisamehe, mama."

"Huna kosa, mwanangu. Ungeondoka asubuhi, asingekusikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa."

Hamudi alikuwa amekwisha kuchukua kisu. Hakuna aliyemuuliza cha nini. Muzna alipiga magoti, akaweka kiganja tumboni mwa Samha, akahisi ndama akicheza. Akaondoa mkono haraka.

"Ngoja," alimwambia mwanawe. "Zahran, liwashe."

"Nini, mama?"

"Ajuza. Liwashe."

Gari likakohoa, likawaka. Samha akaacha kuhangaika. Masikio yakasimama, shingo ikageuka, akanyoosha midomo kuelekea nyuma ya gari, pale tangi lilipokuwa likikaa. Muzna akakimbilia maji, akayaleta kwenye bakuli na kumshikia.

"Kunywa, mwanangu. Tumekuja."

Samha akanywa. Hamudi akapiga bismillahi.

Baada ya hapo Ajuza aliendelea kunguruma, na hakuna mwanamume aliyethubutu kugusa ufunguo.

"Zima," alisema Muzna mwishowe.

Zahran akazima. "Lirudi nyumbani, mama. Biashara imevunjika."

"Lipeleke. Likibaki, nitaliwasha nimwite nani?"

Akapanda gari jipya, Hamudi akashika usukani, wakaondoka kurudi kwa ngamia waliobaki. Mwaka mzima Muzna alikuwa akilia ndani ya Ajuza kila alasiri, peke yake kati ya matuta, akikanyaga mafuta ili asijisikie. Leo alijaribu kujizuia, akashindwa, na ndani ya gari lile hapakuwa na sauti ya kumsitiri. Hamudi hakuwa amewahi kumsikia mama yake akilia.