Rambirambi kwa Mtu Aliye Hai

Chuoni kila mtu alimwita Sumaku. Skrubu ikidondoka na kupotea sakafuni, wenzake wakapiga magoti mpaka wakakata tamaa, yeye angeingia, atupe jicho mara moja, aiokote. Alikuwa mhandisi na mwalimu wa roboti, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mweusi pale ilipovunjika.

Mwenzake wa ofisini aliitwa Pacha. Hawakuzaliwa pamoja, wala hawakufanana hata kidogo, kwani huyu wa pili alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme. Lakini tangu walipokuwa wanafunzi hawakuachana. Ukimwona mmoja kwenye ngazi, ujue mwingine yuko nyuma anafunga mlango. Watu wakaanza kuuliza, "Pacha wako yuko wapi?" na kwa kuwa Sumaku alikuwa na jina lake tayari, hilo akabandikwa huyu mwingine. Aliitikia kwa tabasamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda.

Kazi yao ilizaliwa nyumbani kwa Sumaku. Mama yake alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala, na kila asubuhi ilibidi mtoto amvalishe mzazi kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa na ulimi usiopooza.

"Nimezaa mhandisi," alikuwa akisema huku kichwa kimekwama ndani ya blauzi, "na bado navalishwa kama mwanasesere. Taratibu, wewe! Huo ni mkono, si bomba."

Ndipo Sumaku akapata wazo la kuunda mkono wa roboti unaoweza kumvalisha nguo mtu ambaye upande mmoja wa mwili haumtii. Likisemwa ni jambo jepesi. Lakini roboti inaweza kufundishwa kushika kikombe kwa sababu kikombe hakibadiliki. Nguo hujikunja, huteleza, hukwama kwenye kiwiko, na mashine ikikaidi na kuvuta, mtu anaumia. Sumaku alihangaika mpaka akaunda vidole laini vinavyohisi nguo imekwama wapi, vikalegea vyenyewe na kutafuta njia nyingine. Pacha ndiye aliyeandika programu ya kuviongoza. Siku walipompeleka mama maabara, akavalishwa shati na ile mashine kutoka kiganja hadi bega, aliitazama kwa heshima.

"Hii ina adabu kuliko nyinyi wawili," alisema.

Habari za vidole hivyo zikafika mbali. Chuo kimoja cha ng'ambo, chenye kompyuta na roboti ambazo wao walizoea kuziona kwenye picha tu, kikaomba ushirikiano. Makubaliano yalikuwa kila upande upeleke mtafiti akae muhula mzima kwa wenzake, na wa kwanza kwenda awe Sumaku. Alikuwa ameshafunga begi. Kisha mama akaanguka tena bafuni, safari hii vibaya zaidi.

Hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi, Sumaku alimshika Pacha mkono.

"Nenda wewe. Mradi usilale kwa ajili yangu."

"Nitawezaje kwenda mimi? Ni vidole vyako."

"Ni kazi yetu. Nenda."

Pacha akalia. "Basi nitakuwa mdomo wako kule," alisema. "Usiwaze lolote. Muuguze mama."

Mwanzoni walizungumza kwa simu kila siku. Pacha alisimulia baridi, maabara yenye roboti nzima za kutembea, na profesa mwenye mradi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa mtu wa mzaha lakini alikuwa na roho nzuri. Mama akapata nafuu, akarudi nyumbani, akaanza kulalamikia mito. Simu zikapungua. Sumaku alipouliza kuhusu vikao vya kila wiki vya mtandaoni na timu ya ng'ambo, aliambiwa ratiba imebadilika. Akiuliza tena, ilikuwa imebadilika tena.

Pacha akarudi akiwa mratibu wa mradi. Matokeo ya kwanza yalikuwa yamewasilishwa kwenye mkutano mkubwa wa watafiti, na jina la Sumaku halikuwamo.

"Halimo kabisa?" aliuliza Sumaku.

Pacha alikaa kwenye ukingo wa meza, akashusha pumzi ndefu. "Ndugu yangu, wale watu ndivyo walivyo. Nimepigana mpaka nimechoka. Wao wanamhesabu aliyekuwapo. Asiyekuwapo, kwao hayupo."

Sumaku aliamini. Kwa nini asiamini? Aliwachukia wale watu wa mbali asiowajua, akamwonea huruma rafiki yake aliyevunjika moyo kwa ajili yake, akamchemshia na chai. Siku za mapumziko Pacha aliendelea kuja nyumbani kama zamani, akila kwa mama, akimkanda mkono uliolala. Alikuwa amemletea shali ya kijivu kutoka ng'ambo, ya sufu, laini kama shavu la mtoto. Mama alimwita "mwanangu mrefu" na hakuvua shali hiyo isipokuwa kwa kulala.

Basi mwaka uliofuata, profesa wa ng'ambo akatangaza kuja kuuona mradi upande huu. Idara nzima ikapakwa rangi. Pacha akamwendea Sumaku na ombi: kulikuwa na mtihani wa kusimamia kwenye tawi la chuo, upande wa pili wa mji, siku ileile.

"Nimeomba wewe upangwe huko," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki ukae kwenye kiti cha nyuma uwatazame wakisifia kazi yako bila kukutaja. Nitashindwa kuvumilia."

Sumaku aliguswa. Alifikiri, huyu ananijua mpaka rohoni.

Asubuhi ya ugeni alikuwa akipita kati ya madawati ya watahiniwa simu ilipotetemeka mfukoni. Aliyepiga alikuwa fundi wa maabara.

"Dada, mkono umegoma. Unanyanyuka nusu, unaganda. Wageni wako kwenye chai na mratibu jasho linamtoka. Ameniambia nisikupigie, lakini mimi sioni njia nyingine."

Sumaku alimwachia mwenzake chumba cha mtihani, akaruka kwenye teksi. Hata maneno "nisikupigie" hayakumkaa akilini. Alijua Pacha hakutaka kumsumbua. Alipofika, maabara ilikuwa na viti vipya na maua ya plastiki. Alimpita Pacha akiwa ameduwaa na bisibisi mkononi, akapiga goti, akajipenyeza chini ya meza. Waya wa kifundo ulikuwa umebanwa na mguu wa kiti kimojawapo kati ya vile vipya. Alikuwa angali huko, miguu nje, aliposikia mlango ukifunguliwa na viatu vingi vikiingia.

"Na huyo aliye chini ni nani?" iliuliza sauti ya mwanamke, kwa ile lugha ya kigeni ya mikutano yao.

Mkuu wa idara akacheka cheko la aibu. "Ni mwenzetu, ndiye hasa aliyebuni vidole." Akamtaja Sumaku kwa jina lake kamili.

Sumaku alitoka chini ya meza akijifuta vumbi magotini. Mbele yake alisimama profesa, nywele za kijivu zimekatwa fupi, macho yamemtoka. Profesa hakumpa mkono kwa salamu ya kawaida. Aliichukua mikono yake yote miwili.

"Umerudi kazini!" alisema. "Nimefurahi mno. Pole sana, pole sana kwa kumpoteza mama. Siku tulipopata habari, maabara nzima tulisimama kimya kwa ajili yake. Tuliambiwa kwamba baada ya mazishi uliacha kazi, hutaki hata kusikia mradi ukitajwa, ndiyo maana hatukuthubutu kukutafuta. Ile shali ilifika? Niliichagua mwenyewe, ya kuwafariji wafiwa."

Sumaku hakuelewa mara moja. Alidhani lugha imempiga chenga. Kisha akageuka kumtazama Pacha, na Pacha alikuwa amemwelekea mwanasesere wa majaribio, yule wa kuvalishwa na mashine, akimnyooshea kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Mama yangu," Sumaku alisema polepole, "leo asubuhi amenigombeza kwa kuzidisha chumvi."

Mkuu wa idara akakohoa. "Naona kuna mkanganyiko kidogo. Mambo ya ndani haya, tutayamaliza kifamilia. Wageni wetu, tafadhali, viti..."

"Mimi sikai," alisema profesa.

Sumaku akawasha mashine. Mkono ukanyanyuka, ukashika shati, ukalivuta juu ya mkono wa mwanasesere, ukakwama kwenye kiwiko, ukalegea, ukapita. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mko sawa sasa," alisema, akatoka.

Pacha alimkuta kwenye ngazi.

"Nisikilize. Tafadhali nisikilize."

"Umemuua mama yangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Amekupakulia chakula Jumapili iliyopita. Ulikaa mbele yake ukala, naye amejifunika zawadi ya matanga yake mwenyewe."

Pacha akakaa kwenye ngazi. Alipozungumza hakumtazama. "Kila nilichowaonyesha waliuliza, mwenzako anasemaje? Nikipendekeza jambo, wanasema tumsubiri mwenyewe. Mwenyewe! Mimi niliandika programu yote, lakini hata kule, mbali kiasi kile, nilikuwa bado pacha wa mtu. Siku moja wakaniuliza utakuja lini, na nilikuwa nimechoka, nikasema hutakuja. Wakauliza kwa nini. Mama alikuwa bado ana hali mbaya hospitalini. Neno likanitoka. Baadaye nilishindwa kulirudisha."

"Mwaka mzima?"

Pacha aliuficha uso kwa viganja.

"Ungeniambia unataka jina lako litangulie, ningekupa," alisema Sumaku. "Ningekupa siku ileile, kwenye benchi la hospitali."

"Najua," alisema Pacha. "Ndilo lililonikera zaidi."

Sumaku alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akiwa hajui amepitia mitaa gani. Alimkuta mama dirishani, shali mabegani. Alitaka kumficha, lakini mama alimsoma usoni kabla hajavua viatu, ikabidi amweleze yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Kwa hiyo mimi ni marehemu! Na nilikufa kwa nini? Natumaini si kwa chakula chako."

Alicheka peke yake. Halafu kicheko kikamwishia. Kwa mkono wake mzima alivuta shali, ikateleza bega moja, bega la pili ikakwama, na Sumaku akainama kumsaidia kuivua. Mama aliikunja mapajani vibaya vibaya.

"Aliniita mama," alisema. "Mimi sikumwomba aniite hivyo. Alianza mwenyewe."

Jioni hiyo profesa aliomba kupelekwa nyumbani kwa Sumaku. Mama alimpokea mlangoni kwa fimbo yake na kumwambia, "Karibu ndani, usiogope, siwatokei watu usiku." Profesa alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akamwomba Sumaku radhi kwa kuwa hakuwahi kumpigia simu hata mara moja. Sumaku alimjibu kwa adabu, ila moyoni alikubaliana naye: simu moja tu ingetosha.

Mambo yakanyooshwa, kwa namna ya mambo kama hayo. Matokeo yalichapishwa upya na jina la Sumaku likiwa la kwanza. Jina la Pacha halikufutwa. Mkuu wa idara alitaka lifutwe ili chuo kisiaibike, na ni Sumaku mwenyewe aliyekataa, akisema programu ni yake na haki ni haki. Pacha aliondolewa uratibu, akahamia idara nyingine kwenye jengo la pili. Watu walimsifu Sumaku kwa moyo mkubwa. Hawakujua kwamba kila alipofungua ofisi na kuiona meza ya pili tupu, alikaa kwanza ndani ya hasira yake kama mtu anayesubiri maji yachemke, ndipo aanze kazi.

Wiki chache kabla Sumaku hajasafiri kwenda kuutimiza muhula wake ng'ambo, Pacha alikuja nyumbani. Alikuwa amekonda. Mama alimwambia akae, akamfanya amimine chai mwenyewe kama siku zote, akamwacha aombe msamaha mpaka maneno yakamwishia.

"Mimi nimekusamehe," mama alisema mwishowe. "Mimi si marehemu? Maiti atamnunia nani? Lakini huyo hapo yu hai. Sema naye."

Pacha akageuka. Sumaku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Alitafuta neno, lolote lile, hata la kumtukana, akakuta pakavu. Alimwona rafiki yake akisubiri kwa kichwa kilichoinama kidogo, vilevile alivyokuwa akimsubiri kwenye ngazi miaka yote ile.

"Chai ikiisha," alisema, "ufunge mlango vizuri unapotoka. Unaingiza upepo, na mama hatakiwi kupigwa na baridi."

Akaingia chumbani, akasimama katikati ya chumba bila kuwasha taa, mpaka aliposikia mlango wa mbele ukifungwa polepole, kwa uangalifu mkubwa.