Siklagi ya Mke na Siklagi ya Mume

Mji wa Siklagi, ule ambao Biblia inasema Waamaleki waliuteketeza kwa moto Daudi akiwa safarini, umeshapatikana mara nyingi sana. Kila kilima katika nchi ile kina profesa wake anayeapa kwamba ndio wenyewe, na kila profesa anawahurumia wenzake kwa kupotea. Kanuni ya kuutafuta ni rahisi: chimba mpaka ukutane na majivu. Ukishakutana nayo, waite waandishi wa habari kabla hujanawa mikono.

Yardena Halfon alikuwa na Siklagi yake karibu miaka ishirini sasa. Ilikuwa na majivu yake kwenye lango la kale, kibao cha kahawia cha kuelekeza watalii barabarani, choo cha wageni, na duka la kuuza vikombe vyenye picha ya Daudi. Kwa hiyo Amikam Sela alipompigia simu asubuhi moja ya Julai kumwambia kwamba ameipata Siklagi kwenye kilima chake, ng'ambo ya bonde, alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Amikam aliwahi kuwa mumewe. Mwanasheria aliziandika sababu za talaka kwa adabu, lakini marafiki wote walijua kwamba ndoa ile ilishindwa kubeba vilima viwili.

"Njoo uone," Amikam alimwambia. "Jumapili natangaza. Ila kwanza nataka jicho lako."

Alikwenda. Nani angekataa mwaliko wa maziko ya mpinzani wake? Lakini njiani hakuwa na raha. Kama Amikam amepatia, kibao kitang'olewa, vitabu vyake viwili vitageuka karatasi za kufungia mbegu za alizeti, na yeye atabaki bibi aliyemaliza nusu ya maisha yake akichunga kilima kisicho na jina.

Amikam alimpokea kwa tikiti maji na tabasamu la bwana harusi. Shimo lilikuwa zuri, na hilo lilimuuma Yardena. Majivu yalilala meusi, mazito, yamejaa vigae vya mitungi ya enzi zilezile za Daudi. Aliviangalia vigae, akaona ni vya kweli. Akapiga magoti, akatoa mwiko wake wa kuchimbia, akaanza kukwangua pembeni kama mama mkwe anayetafuta vumbi nyumbani kwa mkwewe.

Chini kabisa ya majivu akakiona kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, na ndani yake nusu kiazi kilichogeuka mkaa. Kila mwaka, usiku wa sikukuu ya Lag Baomer, watoto wa nchi ile huwasha mioto kila penye nafasi na kuchoma viazi hadi mama zao waje kuwaburuta nyumbani. Hawa walikuwa wamechimba shimo lao katikati ya vigae vya kale, na profesa mzima akalichimbua upya na kulipa jina.

Yardena angeweza kumnong'oneza. Badala yake alikinyanyua kiazi juu, wanafunzi wote wakakiona.

"Hongera, Amikam. Kumbe Waamaleki walikuwa na njaa."

Wanafunzi walicheka, naye akacheka nao, kwa furaha ya waziwazi ambayo hakujisumbua kuificha. Amikam alikipokea kiazi, akakigeuzageuza, akaketi juu ya ndoo. Akawaomba wanafunzi wakapate kifungua kinywa. Waliposhuka wote alisema bila hasira, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

"Yardena, yale majivu yako ya langoni. Lile ni tanuri la mfinyanzi."

"Wivu huo."

"Udongo wa ukutani umeungua mpaka ukawa kama kioo. Mji hauungui hivyo. Niliuona siku ya sherehe yako, waziri akikata utepe."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umevaa lile gauni la bluu. Ulikuwa na furaha. Ningeanzia wapi?"

Yardena alifuta mwiko wake, akaondoka. Aliendesha gari hadi kilimani kwake, akaenda moja kwa moja langoni. Ukuta ule aliutazama kila siku. Sasa aliupitishia kidole. Ulikuwa wa kijani, unateleza, na ulijipinda kama mdomo wa chungu. Aibu ikampanda hadi masikioni, wala haikuwa ya tanuri peke yake. Mtu alikuwa amemsitiri miaka yote ile, naye amekwenda kumuumbua mbele ya wanafunzi wake.

Nyuma yake basi la mahujaji lilikuwa limeshafika. Mama mmoja mwenye kofia pana alimgusa bega, akamuuliza kwa heshima ni wapi hasa Daudi alipolia alipoukuta mji umeungua. Yardena alifungua kinywa amjibu, lakini machozi yalimtangulia, yakambubujika mpaka mabega yakatikisika. Mahujaji wakavua kofia. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakapiga picha, na yule mama akamkumbatia akisema kwamba tangu atoke kwao hajakutana na mtu mwenye imani kubwa namna hii.