Shakwe Waliotaga Newala

Jumanne asubuhi Veridiana alikuwa juu ya ngazi akisafisha mfereji wa bati, maana Newala maji ya kunywa hukingwa kutoka paani, dada yake alipopiga simu kutoka Lisekese.

"Mama Selestini, ndege wako wamepita hapa. Wanatembea."

Walifika Alhamisi, shakwe elfu nne na ushei, hoi kwa uchovu, wakifuata ukingo wa barabara ili wasiwasumbue bodaboda. Wakapanda paani na kujipanga kwa namba za pete alizowavisha Veridiana mwenyewe miguuni, katika miaka kumi na tisa aliyoajiriwa kuwahesabu kwenye kisiwa wanakotaga. Jirani yake, Pili, aliuliza tu kama watachafua maji.

Veridiana alijua kilichowaleta. Kisiwani mikono hujaa kinyesi cha ndege, kwa hiyo yeye na Sadallah, kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe, walizoea kusaini fomu zote za hesabu ya viota kabla ya kupanda boti. Alipostaafu aliacha fomu tupu zenye saini yake. Sadallah akaijaza moja: viota, hakuna. Kisiwa akapewa mwenye hoteli.

Akampigia.

"Shikamoo, Mama Selestini."

"Marahaba. Wako hapa kwangu. Andika kwamba fomu ile ni ya uongo, warudi kwao wakatage. Msimu unapita."

"Mama, saini ni yako. Wakichunguza, wataanza na wewe."

Sadallah alisema kwa upole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwonya nayo Veridiana kisiwani asiteleze kwenye mawe. Hiyo ilimuuma kuliko fomu yenyewe.

Ijumaa, kwenye ofisi ya maliasili, karani alimhamisha shakwe mmoja kutoka kiti cha wageni ili Veridiana akae, akasoma mara mbili nakala ya fomu aliyokuja nayo.

"Kwa mujibu wa hii, hawa hawapo," alisema, akamrudishia.

Jumamosi walitaga pale pale juu ya bati. Jua lilipofika utosini mayai yakaiva. Majirani walikuja na mabakuli, wakabisha hodi kwa adabu, na shakwe wakasogea kuwapisha.

Pili alimletea Veridiana yai moja, limemenywa, na chumvi kidogo pembeni ya kisahani.

"Kula, Mama Selestini. Hasira haishibishi."

Akala, machozi yakimtoka. Juu yake, shakwe mwenye pete namba kumi na saba bado alikuwa amelalia yai lake lililoiva, na Veridiana hakujua amwambieje.