Buddha wa Mama Lan

Sijui nani alimruhusu Mama Colombe kugusa kitu cha watu. Mimi sikumruhusu!

Jumatano ile zamu ya maombi ilikuwa kwangu Rågsved, hapa Stockholm. Sombe, yale majani yetu ya muhogo, ilikuwa tayari, chai iko mezani. Mama Colombe, kiongozi wetu wa maombi, akaingia na akina mama wenzake, akaiona sanamu ya Buddha juu ya kabati, akapiga ukelele.

"Mungu wa mti? Katika nyumba ya mukristo?"

Nikamweleza taratibu. Ni ya Mama Lan, jirani yangu kutoka Vietnam, aliyelazwa akisubiri upasuaji wa moyo. Alikimbia vita ameikumbatia kifuani. Imechongwa kwa mti wa mfenesi, na ina umri mkubwa kuliko babu zetu. Aliniachia mimi kwa sababu mwanawe angeiuza. "Wewe pia umekimbia," aliniambia, "utaitunza." Nikaahidi.

Nikawaeleza hata maana yake. Masikio ni marefu kwa kuwa Buddha alikuwa mwana wa mfalme, akavua hereni nzito za dhahabu, akaacha utajiri. Mkono ulioinuliwa, kiganja wazi, unasema: usiogope. Si ndivyo malaika alivyomwambia Maria? Nilidhani watafurahi. Mjinga mimi.

"Ndiyo maana mutoto wako hapate kazi," akasema Mama Colombe. "Kesho ni sikukuu ya Valborg. Wasweden watawasha moto mukubwa pale uwanjani. Tutaitupa mule."

Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, kichwa chini, kama kuku wa sokoni. Wenzake wakaitikia amina. Nikaupokonya ule mfuko hata ukachanika.

"Chagua, dada," akasema. "Ao hii mti, ao siye."

Alijua anaponigusa. Mama yangu alipofariki Butembo, kwetu Kongo, hawa ndio waliolala sakafuni kwangu wiki nzima, wakapika, wakalia nami. Sina ndugu wengine Stockholm. Ndiyo maana nilikasirika zaidi: wema wote ule, leo wananifungia nao shingo!

"Tokeni," nikasema. "Wote. Tokeni kwangu!"

Wakatoka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao mlangoni, sombe haijaguswa. Mume wangu, Bonaventure, aliyeketi nasi tangu mwanzo, akaenda akainama pale mlangoni. Nilidhani anawasaidia wageni. Kumbe alikuwa anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe.