Kemikali Namba 412

Maabara nzima walimwita Bibi Vishimo, naye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa ya vishimo kweli: sahani za plastiki, kila moja na vishimo tisini na sita, kila sahani ya kemikali moja, na kila kishimo alikitilia tone la kipimo tofauti, asubuhi mpaka jioni, mwaka wa tatu huo. Mkono wake haukujua kutetemeka. Daktari, mkuu wa maabara, mtu mrefu aliyependa utani, alizoea kusema kwamba Bibi Vishimo angeweza kumpaka sisimizi wanja na sisimizi asishtuke.

Walikuwa wakitafuta dawa ya kimelea kimoja kidogo mno, umbo lake kama mwezi mwandamo, ambacho humwingia mtu kwa nyama isiyoiva vizuri au kwa udongo aliouchafua paka. Watu wengi huishi nacho maisha yao yote wasijue. Lakini mama mjamzito akikipata, huenda kikampita yeye kikamwandama aliye tumboni.

Hayo Bibi Vishimo hakuyasoma kitabuni tu. Mdogo wake, waliyeachiana ziwa, fundi cherehani, alikuwa amejifungua binti ambaye jicho lake la kushoto liliharibika kabla hajazaliwa. Wakati ule Bibi Vishimo alikuwa akipima maji ya bomba katika idara nyingine. Nafasi ilipotokea kwenye maabara ya vimelea, aliiomba kabla gundi ya tangazo haijakauka ukutani.

Binti mwenyewe, sasa wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na jicho moja na maneno ya watu wanne. Walimpa jina la Chiriku. Kila Jumapili Bibi Vishimo alipokwenda kwao, Chiriku alimkalisha chini amweleze kazi.

"Vinajificha ndani ya seli za mwili," Bibi Vishimo alimwambia siku moja. "Humo vinazaana. Nyumba ikishajaa, kalsiamu inapanda ndani ya vimelea ghafla, kama mtu amepiga kengele. Vikiisikia, vinatoboa ukuta na kuvamia nyumba za jirani."

"Kalsiamu ya kwenye maziwa?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa nyinyi mnataka kuikata kengele."

"Ndiyo."

"Halafu vibaki humo humo ndani?"

"Mpaka vife."

"Safi sana," Chiriku alisema. "Vikome, Mama mkubwa."

Vimelea vya maabara vilikuwa vimetengenezwa ving'ae kijani kila kalsiamu inapopanda. Bibi Vishimo aliviamsha kwa dawa ya kuvichokoza, kisha akatazama kwenye darubini: kijani, halafu seli zinapasuka, halafu vimelea vinatawanyika kila upande. Hivyo hivyo, kishimo baada ya kishimo, kwa kemikali mia nne na zaidi. Jumatano moja akafika kwenye namba 412 na kukuta giza. Alidhani taa imezima. Akafuta lenzi, akatazama tena. Vimelea vilikuwemo, vimebanana ndani ya seli kama mbegu kwenye ganda, wala hakuna hata kimoja kilichotikisika.

Alimwita Daktari. Daktari akainama kwenye darubini muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Rudia," alisema.

Akarudia mara nne, siku nne, na mara zote jibu lilikuwa moja. Jumapili akamwambia mdogo wake, "Tumeipata." Alisahau kuongeza neno "labda", na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Wiki tatu baadaye, mchana kweupe, Chiriku aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Mama, nani anachoma takataka?"

"Hakuna anayechoma kitu," mama yake alijibu kutoka kwenye cherehani.

"Mbona kuna moshi?"

Moshi ulikuwa ndani ya jicho lake la kulia, lile zima. Daktari wa macho alimulika, akasema vimelea vilivyokuwa vimelala tangu kuzaliwa vimeamka, tena katikati kabisa, pale jicho linaposomea. Akampa vidonge. Siku ya pili midomo ya mtoto ikavimba na mwili ukamtoka vipele, ikabidi vidonge visimamishwe haraka. Akapewa dawa nyingine, ambayo daktari mwenyewe hakuisifia.

Ndipo mdogo mtu akaja maabara. Alikuja na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, akakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka dada yake alipotoka.

"Dada, nipe ile dawa."

"Mdogo wangu, ile bado si dawa. Ni kemikali kwenye sahani."

"Uliniambia mmeipata."

"Nilisema vibaya. Nisamehe."

"Hukuona kwa macho yako inavizuia?"

"Niliona. Kwenye sahani. Hata panya hajaionja. Sijui itamfanya nini mtoto."

"Mimi najua bila hiyo jicho litakuwaje."

Mdogo wake akasimama.

"Angekuwa wa kumzaa wewe usingesema hivyo," alisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira usoni.

Bibi Vishimo hakujaliwa mtoto. Wote wawili walilijua hilo, na walijua pia ni nani aliyeshika mkono wa mwenzake miaka ile ya kulia. Mdogo mtu akaondoka bila kuaga.

Mchana ule Bibi Vishimo alifungua friji ya kemikali, akatoa kichupa cha 412, kidogo kama kidole gumba cha mtoto, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Akatembea ukumbini mpaka kwenye mlango wa nje na kuweka mkono kwenye kitasa. Ubaridi wa kichupa ulipenya kitambaa mpaka pajani. Akahesabu: Chiriku ana kilo thelathini na moja, sawa, kwa kilo moja atie kiasi gani? Hakukuwa na mtu duniani anayejua. Akageuka, akakirudisha kwenye friji, na mkono ule uliosifiwa ukashindwa kuandika tarehe kwenye daftari.

Siku ya kumi na sita tangu moshi uanze, jicho likazima. Chiriku alibaki akitofautisha dirisha na ukuta, basi. Mdogo mtu akaacha kupokea simu. Jumapili Bibi Vishimo alibaki nyumbani kwake akipanga vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Mwezi ukapita. Ghorofa ya juu kulikuwa na watu waliokuza seli za moyo wa binadamu, tabaka jembamba linalodunda lenyewe kwenye sahani. Kemikali yoyote inayotarajiwa kuwa dawa lazima ipite kwao. Daktari na Bibi Vishimo walipanda na 412. Wakaitia, wakatazama. Zile seli zilidunda kama kawaida, kisha zikadunda mojamoja kama mtu anayetafuta pumzi, kisha zikanyamaza. Waliziosha, wakangoja nusu saa. Hazikurudi.

"Na moyo nao unakwenda kwa kalsiamu," Daktari alisema taratibu. "Tumekata kengele ya mwizi, tumekata na ya mwenye nyumba." Akavua glavu. "Ifunge, mama. 412 imekwisha."

Bibi Vishimo alishuka ngazi akishika ukuta. Alijifungia chooni akakaa. Alikuwa sahihi, na hakuona raha yoyote ndani yake. Alichokiona ni mlango ule, na kitasa, na mkono wake juu yake.

Jioni ile akaenda kwa mdogo wake bila kualikwa. Cherehani ilikuwa inalia, haikusimama alipoingia.

"Imesimamisha moyo," alisema akiwa bado mlangoni. "Ile kemikali. Leo tumeijaribu kwenye seli za moyo."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia ulikuwa na haki."

"Hapana."

"Nimekusikia. Ulikuwa na haki. Mtoto bado haoni."

Cherehani ikaendelea. Bibi Vishimo alitazama kitambaa kikipita chini ya sindano.

"Niliichukua," alisema. "Siku ile ulipokuja. Niliitia mfukoni nikafika nayo mpaka mlangoni."

Mguu wa mdogo mtu ukaacha kukanyaga.

"Ulifika mlangoni?"

"Nilishika kitasa. Dada yako huyu angekuulia mtoto kwa mkono wake."

Mdogo mtu akaweka paji la uso juu ya cherehani na kulia, kilio kikubwa cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu hospitali. "Nilidhani hata hukujishauri," alisema katikati ya kilio. "Nilidhani kwako ilikuwa rahisi. Mbona hukuniambia?" Bibi Vishimo akapiga magoti kando yake. Hawakukumbatiana. Waliegemeana tu, bega kwa bega, mpaka uzi uliokuwa kwenye sindano ukatoka wenyewe.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Yapo maneno ambayo mdogo mtu hakuyafuta na mkubwa hakumwomba ayafute. Lakini simu ilianza kupokelewa, na Chiriku alipopata nafasi katika shule ya kusoma kwa vidole, Bibi Vishimo aliomba ruhusa ya asubuhi ampeleke siku ya kwanza. Maabarani walikuwa wamefika namba mia tano na sita. Daktari alisema zitangoja.

Chiriku alikuwa amepungua maneno tangu ugonjwa. Walipofika barabarani Bibi Vishimo alimkamata mkono wote, akaubana kwa nguvu.

"Siyo hivyo, Mama mkubwa," Chiriku alisema. "Unanivuta kama mbuzi. Niache nikushike mimi."

Akapapasa mpaka akapata kiwiko cha mama yake mkubwa, akamshika mkono juu kidogo ya hapo, kama alivyofundishwa hospitali.

"Sasa twende. Kukiwa na ngazi, sema."

"Bado kidogo," Bibi Vishimo alisema. "Tatu. Za kushuka."

Wakazishuka moja moja.