Kilo Arobaini na Sita

Mwezi wa nane Mama alikuwa na kilo hamsini na moja. Mwisho wa mwezi wa kumi alikuwa na arobaini na sita na nusu, na kwa mujibu wa daftari alikuwa anakula kama mwashi.

Daftari nililianzisha mimi. Mama ana miaka sabini na sita, ana sukari, na anaishi peke yake katika nyumba alikoolewa, juu kidogo ya ziwa, huku kaunti ya Leitrim, dakika kumi na mbili kwa gari kutoka kwangu. Jumanne na Alhamisi jioni nasoma mjini Carrick, kozi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na mwalimu wetu alitufundisha kupiga mistari: uzito, sukari ya asubuhi, presha, vidonge, kifungua kinywa, chakula cha mchana, chai ya jioni. Nikapiga mistari. Mama akasema nimeigeuza meza yake ya jikoni kuwa posta, lakini kila siku alijaza, kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko aliofundishwa na masista.

Mwezi wa tisa alianguka uani akienda kuwafungulia kuku. Hakuvunjika kitu. Sukari ilikuwa imeshuka, basi, alisema, kama inavyomshuka mtu yeyote. Nesi Attracta, anayezungukia wazee wa upande wetu, hakuliona jambo dogo hivyo. Alinivuta hadi kwenye gari lake akaniambia kwamba atakuja kumpima Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na akimkuta chini ya kilo arobaini na sita, hataweza kusaini tena kwamba Mama anaweza kukaa peke yake.

Kaka yangu Colman, aliyenizidi miaka kumi na miwili na anayeishi Galway, alikuwa ameshakwenda kuangalia nyumba ya wazee karibu na kwake. Alituambia kwa simu kwamba chumba kina dirisha linaloangalia bustani. Mama akamjibu kwamba yeye ana bustani, na dirisha analo.

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa napiga simu saa mbili, saa nne, saa saba, nikijifanya naulizia mayai, au kama mvua imefika kwake, kana kwamba mvua ya kwetu ni nyingine. Nilipika uji wa mwanangu Lorcan huku nahesabu viazi vya Mama kichwani. Nilipokwenda kwake nilifungua friji kabla sijavua koti. Nilipekua ndoo ya taka. Nilipima kwa kidole shayiri ya uji iliyobaki kwenye kopo. Enda, mume wangu, alisema nimekuwa kama askari wa forodha, na nikamnunia, kisha nikarudi kumuuliza kama yeye anaona Mama amekonda usoni au ni mwanga tu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitaja popote. Lorcan wetu ana miaka mitatu na nusu na hajasema neno. Si neno baya wala zuri, si "mama". Enda alipoanza kulizungumzia nilimkatiza. Colman alipoomba kwenye simu aongee na mpwa wake, nilisema amelala, au ana mafua.

Jumanne darasani, badala ya kumsikiliza mwalimu, nilifungua nakala niliyochukua ya daftari la Mama nikazungushia duara kila sukari ya chini. Tatu pointi sita. Tatu pointi nne. Tatu pointi nane. Nikatazama tarehe. Alhamisi na Jumamosi asubuhi, Alhamisi na Jumamosi, tangu katikati ya mwezi wa nane, hakuna wiki iliyoruka. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kila Jumatano na kila Ijumaa. Nani huja siku hizo? Hakuna mtu, ukimtoa Mossie, jirani asiyeoa, na Mossie yupo kila siku.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda saa saba mchana bila kupiga simu.

Jikoni kulikuwa na harufu ya nyama ya nguruwe na kabichi. Mama alikuwa mezani na kikombe cha chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate mkavu, bila siagi. Karibu na jiko kulikuwa na sahani iliyofunikwa vizuri, na mlangoni kulikuwa na Mossie, kofia mkononi, ambaye sasa niliona amenenepa mashavu. Aliniangalia, akaiangalia sahani, akasema alikuja kuuliza kama mvua itanyesha. Ilikuwa inanyesha. Mama akampa sahani yake akaondoka.

"Na yako iko wapi?" nikauliza.

"Unaiona."

Nililivuta daftari. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaandikwa: nyama, kabichi, viazi vitatu.

"Mama, unaandika uongo."

Alinyoosha mgongo. "Bronagh, mimi sijaandika uongo tangu nizaliwe. Nimeandika nilichopika. Mistari umepiga wewe. Nionyeshe ulipoandika 'alichokula'."

Nikatafuta. Sikuwa nimeandika.

Nilikaa chini na koti langu likichuruzika. Nikamtoa maneno moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Alianza sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano mwezi wa nane. Jumatano na Ijumaa, chai ya rangi na mkate mkavu, mchana kutwa mpaka kesho yake, kama mama yake alivyokuwa akifunga. Nikamwambia Kanisa lenyewe limewaachia wazee. Akasema anajua, Kanisa halikumwomba chochote, ameahidi mwenyewe.

"Umeahidi mpaka lini?"

Alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Mpaka mtoto aseme."

Sikuwahi kumwambia kuwa Lorcan haongei. Nikamuuliza ni nani kamwambia.

"Nina masikio, mwanangu," akasema. "Ile siku uliponiachia ukaenda kazini nilimwimbia, nikamhesabia kuku wote, nikamwita jogoo majina ya kila mjumbe wa kamati ya parokia. Alicheka sana. Mtoto wa umri wake angenichosha kwa maswali. Nilikungoja uniambie. Hukuniambia, basi nikampelekea Mwingine."

Nilimsihi. Nilimkumbusha kwamba keshokutwa ndiyo Ijumaa ya Nesi na mizani, na akanijibu kwamba kuhesabu hadi arobaini na sita anajua. Nilimwambia tumpigie simu Padri Shibu wa parokia yetu amfungue ahadi yake. Akasema Padri Shibu ni kijana mzuri na Kimalayalam chake cha kwao ni kizuri kuliko Kiingereza chake, lakini neno hakulitoa kwake. Kisha akaniomba nisimwambie mtu. Kitu kama hicho kikisemwa mbele za watu kinakuwa maringo, na Colman akisikia atasema amerukwa na akili, na hapo dirisha la bustani litakuwa limempata.

Alhamisi haikuwa siku ya kufunga, kwa hiyo nilimlisha. Nilifika saa moja asubuhi na mtoto kiunoni, nikampikia mayai, kisha uji na krimu, na mchana viazi vilivyoogelea kwenye siagi. Alikula kila kitu, kimya, kama mtu anayelipa faini. Lorcan alikaa chini ya meza akifungua na kufunga vifuniko vya sufuria. Kila alipovuta pumzi nilisimama na kijiko hewani, nikidhani neno linakuja.

Ijumaa saa nne tulikuwa wanne jikoni. Colman alikuwa ameendesha gari tangu kabla ya alfajiri, amevaa ile sweta anayovaa akitaka tumwone mpole. Nesi Attracta aliweka mizani yake sakafuni. Mama akavua viatu, akapanda, akatazama mbele kama anapigwa picha.

"Arobaini na tano pointi nane," Nesi akasema.

Nesi akarudia kusoma mizani, akaandika, akatoa fomu kwenye mkoba. Colman akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, kwamba ni majaribio tu, miezi mitatu, Mama anaweza kwenda na kiti chake. Akalifunua daftari. Akasema anayekula yote haya na bado anapungua, ama ana ugonjwa mkubwa ndani, ama hajui tena anachoandika, na kwa vyovyote vile hawezi kubaki peke yake. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema vivyo hivyo kama nisingejua ninachojua.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na hakuwa na nia ya kufungua mdomo. Angetoka katika nyumba ile, na kuku wake, na miaka yake hamsini, bila kusema neno, kwa sababu mimi sikutaka lisemwe.

"Lorcan haongei," nikasema.

Colman akageuka. "Haongei na nani?"

"Na yeyote. Hajawahi kusema neno hata moja. Mama anafunga kwa ajili yake, Jumatano na Ijumaa, tangu mwezi wa nane. Chakula anakula Mossie."

"Bronagh," Mama akasema, jina tu, kama alivyokuwa akinitaja kanisani nikiwa mdogo nikigeuka nyuma.

"Uliniambia ana mafua," Colman akasema.

"Nilikuambia hivyo mara sita."

Nesi Attracta aliweka kalamu chini. Swali lake la kwanza lilikuwa la vidonge: je, siku hizo alikuwa anavimeza na tumbo tupu? Mama akajibu kwamba ndiyo, vidonge havikuwa sehemu ya ahadi. Nesi akafumba macho kidogo. Kumbe ndicho kilichomwangusha uani, akasema, na ni bahati tu hakuanguka karibu na jiko. Akamwambia Colman kwamba hawezi kuandika kuwa mama yetu hajui anachofanya. Anajua kupita kiasi. Lakini hawezi pia kusaini kilo zile kwa mtu anayefunga. Akamgeukia Mama akamuuliza kama ataacha.

Mama akasema hapana. Alisema kwa heshima kabisa.

Colman akatoka kwenda kuangalia boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. Boila haikuwa na tatizo. Wanaume wa kwetu huenda kuangalia boila wakikaribia kulia. Tulisikia akiigonga gonga. Aliporudi alisimama mlangoni, pale pale aliposimama Mossie.

"Zamani mtu akishindwa kumaliza, ilikuwaje?" akauliza.

Mama akamtazama kwa mashaka. Akasema mama yake alikuwa anafunga kwa ajili ya kifua cha Mjomba Bernie, akaugua mwenyewe, na dada yake Kate akaichukua akaimaliza.

"Basi Jumatano ni zangu."

"Wewe?" Mama akalitazama tumbo lake bila aibu. "Wewe uliyelia Ijumaa Kuu, una miaka kumi na minne, na kidevu kimeanza kuota ndevu?"

"Nitalia tena."

"Na Ijumaa ni zangu," nikasema.

"Bila maziwa kwenye chai."

"Bila maziwa."

"Kazini watakupa biskuti."

"Nitakataa."

Nesi akatazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama alikuwa anapiga hesabu zake, na si zile za kilo. Mwishowe alisema atalazimika kumweleza, akaonyesha juu kwa kidole gumba, kwamba wafanyakazi wamebadilishwa, na asitegemee ubora ule ule.

Nesi aliirudisha fomu mkobani. Alitupatia wiki nne: atakuja kila Ijumaa na mizani yake, hataki kusoma daftari, na siku atakayosoma arobaini na saba atasaini. Mama akishuka hata nusu kilo, chumba cha Galway. Kisha akaniuliza kama Lorcan ameshapelekwa kwa wataalamu wa usemi. Nikasema hapana. Hakuniuliza kwa nini. Akatoa fomu nyingine, ndogo, akaniomba nimtajie jina lake herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa, na maneno anayosema. Hapo pa maneno aliandika sifuri, na mimi nilitazama ile sifuri nikaona ni sifuri tu, duara la wino, si hukumu.

Alipoondoka ilikuwa karibu saa saba. Mama akakaanga samaki, akapika viazi, akapakua sahani mbili, yake na ya Colman. Mbele yangu akaweka chai ya rangi na mkate mkavu. Colman alianza kula kwa haya, halafu haya ikamwisha. Mama alikula polepole, na macho yangu yakawa yanaufuata uma wake kutoka sahani hadi mdomoni.

"Usinihesabie," akasema bila kuinua kichwa.

Nikatazama kwingine. Tumbo langu lililia kwa sauti na wote wawili walilisikia. Colman akasogeza viazi vyake upande wa pili wa meza, mbali nami, akaniuliza mtoto anapenda nini.

Nikamwambia anapenda matrekta, hasa mekundu. Anapenda kulala ameshika sikio la mtu. Anapenda vifuniko vya sufuria, na mlio wa kila kimoja anaujua, ukimpa kisicho chake anakurudishia. Mkate uliisha, na njaa ilikuwa bado ipo, na mimi nilikuwa bado nasema.